Kijiko Chini ya Mkeka

Siku ile ya Jumatano Émérence alikalia kijiko, na kukalia huko nusura kumkoseshe shule.

Tuanze na kopo. Lilikuwa kopo la kilo tano, konfitiri nyekundu, jamu tamu ya matunda, limevuka mpaka wa Rhodesia na kufika Likasi kwa treni ya kusini, maana treni za kaskazini, tangu Katanga ijitangazie uhuru wake, zilikuwa hazina neno la kuaminika. Wamama wa parokia walichanga wakalinunua kwa ajili ya watoto wa komunyo ya kwanza, wapakiwe mikate baada ya misa. Wakampa Mama Julie alitunze, kwa kuwa Mama Julie ni mwanamke ambaye ukimwachia maji katika ungo, utayakuta. Akaliweka chumba cha nyuma juu ya gunia la unga, akalifunika kwa sahani, na juu ya sahani akapandisha jiwe. Jiwe lile lilizuia panya. Binti yake halikumzuia.

Émérence alikuwa na miaka kumi na moja na mwili wa mtu wa miaka kumi na minane. Matiti yalitangulia, nyonga zikafuata, na yeye mwenyewe, mtoto wa kuruka kamba, akabaki nyuma akivikimbilia. Mashavu yalimjaa, mapaja yalisuguana akitembea, na gauni la shule lililoshonwa Pasaka lilikuwa limekwisha kufumuliwa mshono mara mbili kabla ya Juni.

Kwa Kambo Germaine mwili ule ulikuwa sifa. Kambo ndivyo sisi wa Likasi tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama wa Mama Julie, aliyetoka upande wa Buluo mwaka Émérence alipozaliwa, akaja kumlea, asirudi tena. Baba Evariste, mume wa Mama Julie, alifanya kazi katika kiwanda cha shaba cha Shituru, kando ya mji, wakakaa katika kambi ya wafanyakazi, na kila wiki kampuni iliwagawia posho: unga, samaki wa chumvi, karanga, mafuta ya mawese. Kambo aliiangalia posho ile kama mtu anayeangalia mvua baada ya kiangazi. Kila tonge la bukari alilofinyanga, bukari yetu ile ya unga mweupe, lilikuwa na njia moja tu, na mwisho wa njia ni mdomo wa Émérence.

“Kula, mama yangu. Mufupa haina heshima.”

Na Émérence alikula, akafurahi, mpaka mwezi wa Machi siku ya kupimwa watoto.

Siku hiyo mizani ya dispansari ilishindwa naye. Ilikuwa mizani ya watoto wadogo, sindano ikaenda mpaka mwisho ikagota. Muuguzi Fidèle, mtu mpole asiye na haraka, akasema basi, twende ghala la posho, kuna mizani ya magunia. Akampeleka. Wanawake wa kambi walikuwa wamepanga mstari na vikapu vyao. Émérence akapanda pale wanapopandisha unga, chuma kikalia, na karani wa ghala, kijana mpenda kuchekesha watu, akachukua chaki yake ya kuandikia magunia akamwandikia kilo zake mgongoni. Sitini na mbili. Mstari mzima ukacheka. Fidèle alimgombeza karani, akamfuta mtoto kwa kitambaa chake, lakini chaki haifutiki yote kwenye gauni la buluu.

“Mama Julie,” Fidèle alisema baadaye, “huyu ni mutoto bado. Hii ni mafuta, haiko miaka. Mumupunguzieko mafuta, mumuache akimbie na benzake. Na mutu asimuseke.”

Mama Julie alikwenda nyumbani na maneno hayo. Kambo akayasikia, akavuta ugoro, akapiga chafya. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Tangu hapo Émérence akawa na matumbo mawili. Tumbo la mbele za watu lilikula matonge matatu ya bukari, likasema “Nimeshiba,” likanawa mkono. Tumbo la chumba cha nyuma halikujua kushiba. Lilikula karanga mbichi, sukari ya kuramba kiganjani, vichwa vya samaki. Na kopo la parokia lilipofika, lilikula konfitiri. Halikuwa likila kwa njaa. Lilikula kwa sababu chumba cha nyuma hakikuwa na macho.

Basi, Jumatano. Mama Julie yuko parokia, Baba Evariste yuko kazini. Émérence amekaa juu ya mkeka, jiwe pembeni, sahani pembeni, kijiko kimejaa. Akasikia ndara za Kambo zikiburuta. Akarudisha sahani, akarudisha jiwe, na kijiko, kwa kukosa mahali, akakikalia.

Kambo akaingia. “Weye, unafanya nini mu giza?”

“Ninapumzika, Kambo.”

“Mutoto ya kupumzika muchana ni mutoto ya mugonjwa. Simama nikuone.”

Émérence akasukuma kijiko chini ya mkeka kwa kisigino, akasimama. Akageuka kuchukua kitabu chake, na hapo Kambo akaona. Nyuma ya kitenge, palepale, doa jekundu, bichi, kubwa kama kiganja.

Macho ya Kambo yalikuwa bado yanajua rangi. Pua ndiyo iliyokufa zamani kwa ugoro. Angekuwa mtu mwingine angenusa sukari. Yeye akapiga kigelegele kilichovuka nyumba sita.

“Kambo, ngojako, hii ni…”

Kiganja kikamziba mdomo. “Hapana kusema! Tangu sasa hausemi. Mutoto ya mwanamuke akionekana, anafunga kinywa mupaka siku ya kutoka. Akisema mbele ya siku, anafunga tumbo la kizazi kwa mukono yake mwenyewe.” Akavua shuka la kitanda, akamfunika kuanzia kichwani. Chini ya shuka, gizani, Émérence alisikia sauti ya bibi yake ikilia machozi. “Mungu wangu, sikufa mbele. Nimeona.”

Kwa watu wa Kambo jambo hili, la kumweka ndani msichana aliyeona damu yake ya kwanza, huitwa kisungu, na Kambo alikuwa amelingoja kama mkulima anavyongoja Novemba. Lilikuwa na kanuni zake. Msichana hasemi. Kitambaa chake hukunjwa na kuwekwa ndani ya chungu, hakioshwi na hakichunguzwi. Na mama mzazi haingii chumbani wala haulizi. Neno si lake, ni la bibi na wanawake wazima.

Kwa hiyo Mama Julie aliporudi akakuta uani kumejaa wanawake wakicheza, alisimama nje ya chumba cha nyuma, alimowekwa binti yake, kama mgeni.

“Lakini iko na miaka kumi na moja,” alisema.

“Miaka! Angaliako mwili,” alijibu Mama Émilienne, jirani wa ukuta mmoja, mwenye sauti ya kengele. “Minye nilisema tangu Noeli. Ule mutoto iko na mwili ya mama ya bana batano.”

“Muganga Fidèle alisema ni mafuta.”

“Muganga ni mwanaume. Anajua nini?”

Mama Julie akaenda jikoni kusaga mahindi ya munkoyo, kinywaji chetu cha sherehe, maana hata shaka haina budi kupika.

Nami nikuambie ukweli ambao Émérence alikuja kumwambia mtu baada ya miaka mingi: siku mbili za kwanza alizipenda. Aliletewa firigisi za kuku, mchuzi wa karanga, viwavi vilivyokaangwa mpaka vikalia mdomoni. Aliletewa munkoyo kibuyu kizima, mtamu, ukinukia mizizi. Akala mbele ya wanawake kumi na wawili, na hakuna aliyecheka. Wanawake walimpaka mafuta mikono na kusifu kila kilichokuwa kikichekwa. Shangazi mmoja alimshika nyama ya bega akasema, hii ndiyo nyumba, nyinyi wengine ni vibanda. Chini ya shuka Émérence alitabasamu. Ikiwa hiki ni kuwa mwanamke, alifikiri, mbona wanangoja muda mrefu hivi?

Lakini kulikuwa na Jumamosi.

Jumamosi asubuhi masista wa mjini walikuwa wanafanya mtihani wa kuingia shule ya ualimu. Monitrisi Élise, mwalimu wake, msichana wa miaka ishirini na miwili aliyevaa saa ya mkononi kama mwanaume, alikuwa ameandikisha wasichana wawili tu katika kambi nzima, na mmoja ni Émérence. Darasani mwili wake haukupimwa. Hesabu za sehemu alizifanya kichwani wengine wakitafuta kalamu, na akisoma kwa sauti, hata wavulana wa nyuma walinyamaza. Alitaka kuwa mtu anayesimama mbele ya ubao. Alilitaka hilo kuliko konfitiri, na aliyeiona konfitiri ile atajua ninasema nini.

Alifikiri hawatamnyima Jumamosi. Mpaka Ijumaa mchana alipomsikia Monitrisi Élise uani.

“Yambo, Kambo. Ninakuya kumuona Émérence. Kesho iko mutihani.”

“Émérence hayuko wa kuonwa. Iko ndani. Atatoka dimanche ya ile juma ingine, kisha misa.”

“Kambo, minye ninaheshimu ile mambo. Hata minye nilipita mule. Lakini mumutoe asubuhi moja tu, masaa inne tu, kisha nitamurudisha minye mwenyewe.”

“Unamurudisha nani? Mutu akitoka, ametoka. Na akitoka, si mutoto tena. Kuko batu batakuja kubisha hodi kwa baba yake. Masomo ya kuhesabu ya nini? Atahesabu bana.”

Wanawake wakacheka. Monitrisi Élise hakucheka.

“Kambo, mutihani mwingine ni mwaka kesho. Na mwaka kesho, nani anajua hata tutakuwa mu inchi gani?”

Neno hilo liliwagusa. Bendera ya misalaba ya shaba ilikuwa ikipepea shuleni, redio ilisema Katanga ni nchi milele, na kila mtu uani alijua milele ya redio ina urefu gani. Lakini Kambo alikaza.

“Inchi ikibadilika, kisungu haibadilike. Kwenda muzuri, monitrisi.”

Saa ya mkononi na viatu vyake vikaondoka. Émérence alisikia kila hatua mpaka barabarani.

Akakaa juu ya mkeka akiwaza. Akisema, atakuwa amevunja kinywa mbele ya siku, na Kambo ataamini mpaka kufa kwamba amefunga tumbo la kizazi. Akisema, vilevile, wanawake wote watajua nani aliyekula konfitiri ya watoto wa Yesu. Na Kambo, aliyepiga kigelegele cha kuvuka nyumba sita, ataitwaje kesho bombani? Lakini akinyamaza, Jumamosi itapita. Na zaidi ya hapo, siku ya kweli ikifika, iwe mwaka kesho au baada yake, ataificha kama anavyoficha karanga. Atakuwa mwanamke wa uongo aliyetengenezwa na kopo.

Angeweza kuandika. Kinywa ndicho kilichofungwa, mkono haukufungwa. Lakini Mama Julie aliyejua kusoma hakuruhusiwa kuingia, na Kambo aliyeruhusiwa hakujua kusoma.

Ndipo akakumbuka kijiko.

Alasiri wanawake walipokwenda kutayarisha chakula cha waume zao, Kambo akaingia na sahani ya bukari na kuku. Akaketi, akamfunua shuka. “Kula, mama yangu.”

Émérence akatikisa kichwa. Kambo alishtuka, mjukuu yule hakuwahi kukataa paja. Émérence akainua pembe ya mkeka, akatoa kijiko. Konfitiri ilikuwa imekauka juu yake, nyekundu iliyoanza kuwa nyeusi, na sisimizi wawili hawakutaka kukiacha. Akakipuliza. Kisha akaleta kile chungu, akatoa kitenge kilichokunjwa, akakifungua doa likiwa juu, akaweka kijiko kando ya doa. Rangi moja.

Kambo akaangalia. Hakuelewa, au alikataa kuelewa.

Émérence akachovya kidole cha bibi yake katika maji ya kunawa, akakisugua kwenye kijiko, na kwa heshima yote aliyofundishwa, kwa mikono miwili, akakipeleka mdomoni mwa Kambo.

Pua ilikuwa imekufa, lakini ulimi ulikuwa hai.

Kambo alifumba macho. Akaramba mara moja. Akaramba tena, kuhakikisha. Alipofumbua, alimwangalia mtoto, akaangalia kopo juu ya gunia, jiwe juu ya kopo, akaangalia kitenge. Kuku alikuwa anapoa. Nje mtu alikuwa anapiga mwiko kwenye chungu.

“Sukari,” alisema Kambo.

Émérence akainamisha kichwa. Machozi yakamdondokea mapajani, na hata hapo hakusema neno.

Ni Kambo aliyeanza kutikisika. Kwanza mabega, kisha kifua. Émérence alidhani analia. Kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta njia ya kutoka, na kilipoipata, kilimlaza bibi yule ubavu.

“Nimefunikia shuka konfitiri!” Alishika mbavu. “Nimeita shangazi zote mpaka Buluo, bakuje kuchezea konfitiri!” Akajifuta macho. “Semako sasa. Haukuvunja kitu. Kile kitu hakikufika, basi hakuna cha kuvunja. Sema.”

“Nilikula nusu, Kambo.”

“Nusu ya kopo?”

“Nusu ya kopo.”

“Na mu sahani ya batu unakula matonge tatu kama ndege. Sababu gani?”

Émérence alisugua kisigino chake. “Kwa sahani banaangalia. Tangu siku ya chaki. Nikichukua tonge, ninasikia ile mizani inalia. Kule nyuma hakuna mutu.”

Kicheko cha Kambo kikaisha. Alitoa sanduku la ugoro, asilifungue.

“Mama yako alikuwa na bandugu babili mbele yake,” alisema. “Nilibazika mwaka ya nzige. Balikuwa bepesi, mama yangu. Nilibabeba pamoja, mukono moja. Weye ulipozaliwa nikasema, huyu hatakuwa mwepesi. Nilikuwa ninakulisha weye na bale babili.” Akamshika shavu. “Labda bale babili bameshiba sasa.”

Akainuka kwa kushika ukuta. Wanawake walikuwa wanarudi. Akafungua mlango, akasimama kizingitini, na Émérence akangoja kusikia jina lake likitajwa.

“Banamuke,” alisema Kambo, “minye nimezeeka. Macho yangu yamenidanganya. Mutoto haijaonekana. Ni konfitiri.”

Kisha Mama Émilienne: “Konfitiri gani?”

“Ile yetu ya parokia. Imeliwa. Na anayetaka kumugombeza mutoto anigombeze kwanza minye, juu minye njo nilimufundisha kula bila kusikiliza tumbo. Julie! Ingia, mwanangu. Mulango ni yako.”

Mama Julie aliingia mbio, akamkumbatia binti yake, akamwachia, akaondoa jiwe, akaondoa sahani, akachungulia, akapiga ukelele wa aina nyingine. Uani Mama Émilienne alikuwa ameketi chini akicheka mpaka kilemba kikamtoka, na tangu siku hiyo hata mwisho wa maisha yake hakumwita bibi yule kwa jina jingine ila Kambo Konfitiri. Kambo aliitika.

Hukumu ya wamama wa parokia ilitoka hapo hapo: watoto wa komunyo watapata mikate, nusu yao kwa konfitiri na nusu kwa karanga za kutwangwa, na mtwangaji anajulikana. Munkoyo uliokwisha kuiva haukumwagwa. Uligawiwa vikombe, kwa jina la mtihani.

Jumamosi Kambo alikataa mtu mwingine kumpeleka mjukuu. Walitembea wawili, kutoka Shituru mpaka mjini, Émérence na kalamu mbili, Kambo na kitenge kipya. Kwenye kizuizi cha barabara askari mmoja, kijana mwenye bunduki kubwa kuliko uzoefu wake, aliinua mkono.

“Mama,” alimwambia Émérence, “unakwenda wapi? Bwana yako iko wapi?”

“Si mama!” Kambo alimvamia. “Ni mutoto. Iko na miaka kumi na moja, anakwenda shule. Niulize minye, minye njo ninajua kukosea!”

Askari akawapisha, akipiga saluti nusu.

Saa tano na nusu Émérence alitoka kwa masista na wino kwenye vidole vitatu. Monitrisi Élise alikuwa langoni akiangalia saa. “Hesabu?” “Nimemaliza zote.” “Kifaransa?” “Neno moja lilinishinda.” Monitrisi akacheka, akampiga bega, na Kambo, ambaye hakujua neno lipi wala kwa nini, akapiga kigelegele kidogo tu, cha nyumba mbili.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Émérence alitwanga karanga mpaka mikono ikawaka. Mama Julie akaleta bukari na majani ya mihogo, mafuta kidogo, samaki mmoja. Kambo akakataa sahani yake ya peke yake. Akavuta kigoda, akaketi kando ya Émérence, wakanawa katika bakuli moja. Baba Evariste alikuwepo, Mama Émilienne alikuwepo, aliyekuja kuazima chumvi na kusahau kuondoka. Macho yote yalikuwepo.

“Siku yenyewe ikifika,” Kambo alimnong'oneza, “weye mwenyewe utakuja kuniambia. Kwa kinywa yako.”

“Nitakuambia, Kambo.”

Akala tonge la tatu. Akasubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza mlango wa ndani, akala la nne, na la tano. Kambo alifinyanga la sita kwa mazoea ya miaka kumi na moja, akalinyanyua, akasita njiani.

“Nimeshiba,” alisema Émérence.

Kambo alimwangalia usoni, akaona ni kweli, akalila mwenyewe.